Tangi Likijaa Nitakuja

9 Februari

Kaka yangu mpendwa, Bwana Tangi,

Salamu zako hizi zinatoka kwa nyumba nzima. Shemeji yako mzima, ila ameanza kukoroma kiasi kwamba jirani ameuliza kama tumenunua jenereta. Binti yetu ameota meno ya mbele na juzi akaniuliza kama mjomba wake ni mtu wa kweli au ni sauti tu inayokaa ndani ya simu. Nikamwambia ni mtu, tena ana masharubu. Hakuamini. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua lakini ulimi uko imara, na swali lake kwako nitalifikia.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi kama watu wa zamani. Ni kwa sababu nimekuchunguza. Kwenye simu, kila nikitaja neno "daktari" mtandao wa upande wako unaharibika. "Halo? Halo? Sikusikii." Siku moja nilitaja daktari, ukawa husikii, nikasema Mama amekutumia asali, ukasikia palepale. Karatasi haina mtandao, kaka. Leo utanisikia mpaka mwisho.

Wifi ameniambia unapanda ngazi za tangi la maji la hospitali yenu mkono mmoja ukiwa kwenye chuma na mwingine umeshika kinena. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, kwa hiyo usiniambie ni mkanda unabana. Hiyo ni ngiri. Leo ukiisukuma kwa kidole inarudi ndani. Siku ikikataa kurudi, utumbo utanaswa, na hapo hakuna cha kusubiri wala kutania. Wewe ndiye mkuu wa matengenezo wa hospitali nzima, daktari wa upasuaji unakutana naye koridoni kila siku, na naambiwa ukimwona unajitia kukagua taa za darini.

Jibu lako nalijua. "Nikilala mimi, maji ataangalia nani?" Ndilo ulilonipa nilipoolewa ukakosa kuja, na ndilo ulilonipa nilipojifungua. Mama ulimwambia, "Tangi likijaa nitakuja." Sasa yeye amelichukua neno hilo kama lilivyo. Kila asubuhi, kabla ya chai, ananiuliza, "Tangi la kaka yako limejaa?"

Habari nyingine ni kwamba hospitali yetu imeunda kamati ya maji ya dharura na mimi ndiye katibu. Tumeamua mara moja kwa mwezi tufunge bomba la mji kwa makusudi, asubuhi nzima, tuone kama tangi letu la akiba linatutosha. Tumeiita Jumanne Kavu. Ninyi mnafanyaje huko?

Mdogo wako

———

2 Machi

Mdogo wangu, Kitinda Mimba, Mheshimiwa Katibu wa Kamati,

Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja. Nadhani ni machozi ya kunikosa. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu na amekana kila kitu ulichosema amesema. Mwambie binti yako mjomba wake yupo, na masharubu yameongezeka.

Umeniuliza kuhusu maji, basi kaa vizuri. Tangi letu la akiba liko juu ya mnara wa chuma nyuma ya wodi ya wazazi. Ubavuni lina kipimo: boya jekundu ndani ya bomba la kioo. Maji yakiwa mengi boya linakuwa juu, yakipungua linashuka. Tangu nikabidhiwe tangi hili, boya langu halijashuka hata upana wa kidole. Wageni wakija, mkurugenzi huwaleta walitazame. Kila Jumatatu nakipangusa kioo mwenyewe, kwa kitambaa changu mwenyewe.

Hiyo Jumanne Kavu yenu ni wehu. Maji ya akiba yanaitwa ya akiba kwa sababu hayaguswi. Wewe ukiwa na gauni lako la kutokea, unalivaa jikoni ili ujue kama bado linakutosha?

Koki yangu ina kufuli, na ufunguo ni mmoja tu, unakaa shingoni mwangu kwa kamba. Siuvui hata nikioga. Zamani ulikuwa unaning'inia ofisini, na watu wakachota maji ya dharura wakaoshea magari. Anayenisumbua zaidi ni mkuu wa chumba cha kufulia, mama mmoja tunayemwita Mama Povu. Bomba la mji likianza kutoa maji kidogo kidogo tu, huyo mlangoni: "Nifungulie tangi, nina mashuka ya wodi tatu." Namwambia mashuka hayafi kwa kiu. Juzi amenijibu, "Sawa, wewe utakufa, na nitakufunika shuka chafu."

Kuhusu lile jambo lingine uliloandika katikati ya barua, wino ulikuwa hafifu, sikuweza kusoma.

Mpe Mama salamu. Mwambie limejaa.

Kaka yako

———

14 Machi

Kaka,

Nimenunua kalamu ya wino mzito. NGIRI. Umeisoma? Vizuri, tuendelee.

Hatujambo. Binti anasema masharubu si ushahidi, hata paka anayo.

Nimekuja kukuchekesha. Jumanne Kavu yetu ya kwanza imepita. Tulichagua asubuhi isiyo na upasuaji mkubwa, tukafunga bomba la mji, tukakaa mkao wa kula. Daktari wetu alikuwa ananawa kwa ajili ya kazi ndogo ya kidole. Ameshajipaka sabuni mpaka viwikoni, maji yakakata. Akabaki amesimama mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, povu linamdondokea kwenye viatu. Ikabidi tumsuuze kwa maji ya chupa. Tulifungua tangi, lakini chumba cha kufulia hatukukiambia kitu, mashine zao zote zilikuwa zinazunguka, zikayanywa maji mengi kabla hayajafika kwetu. Na aliyetumwa kufunga bomba la mji alikuwa amefunga nusu. Yaliyobaki ya akiba yetu yakarudi nyuma kupitia bomba hilohilo na kutokea mtaani. Muuza duka wa ng'ambo ya barabara alishangaa siku hiyo bomba lake lina nguvu.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikaenda stoo ya glavu nikakaa peke yangu. Umeme ukikatika kila mtu hospitalini anajua jenereta iko wapi. Maji yakikatika tunatazamana. Nilimfikiria mama mjamzito aliye mezani, wagonjwa wa figo kwenye mashine zao, vifaa vinavyosubiri kuchemshwa, na sisi na chupa zetu za maji ya kunywa.

Kwa hiyo nakuuliza, bila utani. Mara ya mwisho ulifungua koki yako lini? Sijauliza boya liko wapi. Nauliza kama maji yalitoka.

Mama nilimwambia limejaa. Akakoroga chai, akasema, "Kama limejaa, mbona haji?" La kumjibu naomba unipe wewe.

Mdogo wako

———

20 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya njema. Samahani kwa kuchelewa kujibu, shughuli zilikuwa nyingi. Mvua zimenyesha vizuri. Ukuta wa nje wa wodi ya watoto umepakwa rangi ya kijani na unapendeza. Wifi yako anawasalimu nyote.

Nakushukuru kwa ushauri wako kuhusu koki. Tangi halijambo.

Mpe Mama salamu zangu. Mbusu binti.

Kaka yako akupendaye

———

28 Mei

Kaka,

Nani alikushikia kalamu? Nimeigeuza barua yako juu chini nikitafuta kejeli, sikuona hata moja. Umeniita mpendwa. Umenishukuru kwa ushauri. Umeniandikia ukurasa mzima bila kulitaja boya! Shemeji yako aliposoma aliuliza kama umefiwa.

Nikampigia wifi. Mwanzoni naye mtandao wake ukataka kuharibika, mmefundishana, lakini nikambana. Anasema unarudi nyumbani umelowa, suruali ina kutu na tope. Anasema umeonekana unapandisha ndoo za saruji mnarani kwa kamba. Anasema unalala ubavu mmoja na hutaki kuguswa.

Nikaunganisha mwenyewe. Baada ya barua yangu ulikwenda ukafungua koki, na maji hayakutoka. Sivyo?

Basi nisamehe, nilikuwa nakuonea. Nilidhani unaogopa kisu, nikakucheka hapa na Mama siku nyingi tu. Kumbe sasa huwezi kulala mezani kwa sababu wewe peke yako ndiye unayejua kwamba kule nyuma ya wodi ya wazazi hakuna kitu. Huo mzigo ni mkubwa, na unaubeba peke yako, pamoja na saruji, pamoja na ngiri. Nimekasirika hadi nimeunguza shati kwa pasi. Wewe ndiye kaka pekee niliye naye. Ukikatika utumbo juu ya mnara, nani atanikera?

Niandikie ukweli hata mstari mmoja. Sitacheka. Nitacheka kidogo.

Mdogo wako

———

17 Juni

Kitinda Mimba,

Haya. Cheka kidogo, kama ulivyoahidi.

Barua yako ya Machi ilinipandisha mori. Nikasema nitafungua koki, maji yamwagike, nikuandikie majibu utakayoyatundika ukutani. Nilikwenda Jumapili baada ya chakula, hakuna watu. Koki ilikuwa imegoma. Nikaitia mafuta, nikaigonga, ikalegea. Bomba likakohoa, likatema maji ya kahawia kama nusu kikombe, likanyamaza. Nikainua macho kutazama boya. Liko juu kabisa, jekundu, linanitazama.

Nilipanda nikafunua mfuniko. Ndani kulikuwa na tope chini, na upande mmoja ufa mahali mabati yalipounganishwa. Maji yamekuwa yakivuja taratibu na kukaukia kwenye nguzo za mnara, na doa lile mimi nililiona nikadhani ni mvua. Boya lenyewe limegandia kwenye kioo kwa chumvi za maji. Tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Sikuwahi kufungua kwa sababu sikutaka lishuke, na kumbe halikuwa na uwezo wa kushuka. Muda wote huo nilikuwa napangusa kioo kwa nje.

Nikakaa kwenye ngazi. Chini yangu, wodi ya wazazi, kuna mtoto alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa, anapiga kelele kama anadai haki yake. Nikalia na mimi. Usimwambie Mama hilo.

Kesho yake nikamweleza mkurugenzi. Alinisikiliza, akauliza, "Na wale wageni wote?" Nikamwambia ndiyo, na wale wageni wote. Akafunika uso kwa mikono. Lakini vifaa vya kuzibia akatoa.

Mama Povu nilijua atanisimanga. Alipopata habari alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, tena alikaa kwenye ndoo. Alipomaliza akafuta machozi, akaniambia, "Mgonjwa haoshi tangi, shuka chini." Kesho yake akaja na watu wake na brashi, wakalisugua likatakata, tukatia klorini. Na ni yeye aliyekuja na mpango: kila Ijumaa mashuka yafuliwe kwa maji ya tangi, kisha tujaze mapya. Hivyo maji hayalali, koki haigandi, na yeye anapata alichokuwa anakitaka siku zote. Nilitafuta sababu ya kukataa nikakosa. Sasa boya linapanda na kushuka kila wiki, na kila likishuka moyo wangu unashuka nalo.

Saruji sibebi tena. Wifi yako amenifungia viatu vya kazi kabatini.

Lingine ni hili. Nilikutana na daktari wa upasuaji koridoni na taa za darini zote zilikuwa nzima. Amenipangia Julai. Nimekubali.

Ila kuna tatizo. Muuguzi wake amenielekeza kwamba mezani hakiingii chuma. Saa, pete, mkufu, vyote vinavuliwa. Nikamuuliza, "Na ufunguo?" Akanitazama kama nimemuuliza kama naweza kuingia na baiskeli.

Kaka yako

———

25 Juni

Kaka,

Nimecheka kidogo. Mama amecheka sana. Samahani, nilimsomea yote, na lile la kulia pia, na hapo hakucheka. Aliomba karatasi akaikunja, ameiweka chini ya mto wake.

Sasa huo ufunguo. Usimwachie wifi, ana hasira nao, atautupa chooni. Usimwachie mkurugenzi, miwani yake tu inamshinda. Wewe unamjua wa kumwachia, na mimi namjua, na najua inakuuma kama jino.

Siku yenyewe nitakuwa zamu, sitaweza kuja. Nitaogopa kwa niaba yako nikiwa huku, kwa hiyo wewe pumzika.

Umempa nani?

Mdogo wako

———

30 Julai

Mdogo wangu, Mheshimiwa,

Nimeshonwa, nimepona, natembea kama bibi harusi. Wifi yako ananilisha uji na maneno. Kwenye simu juzi nilikwambia "salama tu" kwa sababu daktari alikuwa amekaa pembeni, na hii habari nilitaka niitie chumvi kwa raha zangu. Sasa nakuta haihitaji chumvi.

Asubuhi ile niliuvua ufunguo mlangoni mwa chumba cha kufulia. Mama Povu alinyoosha mkono. Nikamwambia, "Maji yakikata, funga kwanza bomba la mji, halafu zima mashine zako, halafu ndiyo ufungue tangi." Akasema, "Nimesikia." Nikarudia. Akasema, "Baba, nenda kapasuliwe."

Wakanidunga ganzi ya mgongo. Hilo hukuniambia, kwamba mtu anakuwa macho! Miguu ikaniaga. Wakanitundikia kitambaa kifuani nisione huko chini, nikawa nasikia tu. Nasikia vyuma vikipangwa, nasikia daktari ananawa chumba cha pili, maji yanamwagika vizuri. Halafu bomba likakohoa.

Mdogo wangu, kikohozi kile nakijua. Maji yakakata. Baadaye tuliambiwa katapila la watengeneza barabara lilikuwa limepasua bomba kuu la mji. Daktari akachungulia mlangoni mikono juu, sabuni mpaka viwikoni, sawasawa na wa kwenu, akasema, "Bwana Tangi, ndiyo nini hii?"

Nikataka kuinuka. Miguu sina. Nikapeleka mkono shingoni. Ufunguo sina. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe, na hofu yenyewe haikuwa ya kisu. Wodi ya wazazi ilikuwa imejaa. Nikaanza kusema kwa sauti, "Bomba la mji kwanza. Mashine. Kisha tangi. Bomba la mji kwanza." Muuguzi akanishika bega, akamwambia mwenzake, "Mwacheni, anasali." Kwa kweli nilikuwa nasali.

Kwa mbali nikasikia mashine za kufulia zikinyamaza, moja baada ya nyingine. Nikajua ameshalifunga la mji. Pakawa kimya. Kisha bomba la darini, juu yangu hasa, likatikisika, likapiga chafya mara mbili, na kule chumba cha pili maji yakatiririka. Daktari akasema, "Ahaa," akaendelea kunawa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi machozi yananiingia masikioni na siwezi kuyafuta. Bomba la mji halikutengenezwa mpaka kesho yake. Maji ya tangi yalitufikisha, na watoto waliozaliwa siku hiyo wote wameogeshwa.

Hospitali nzima inaamini nilipanga mimi. Nimekana, halafu nikachoka kukana.

Nilipoweza kutembea nilikwenda kuudai ufunguo wangu. Mama Povu akanionyesha msumari ukutani, ndani ya chumba chake, mahali kila zamu inapita. Unaning'inia hapo. Ametoa na nakala, moja iko wodi ya wazazi. Nikamuuliza kama hawataoshea magari. Akasema mtu aoshe gari mbele yake aone. Sikupenda, nakwambia kweli. Siku kadhaa nimekuwa nikipapasa shingo kama mtu aliyeibiwa. Wifi yako anasema pale ilipokuwa kamba pamebaki alama nyeupe.

Leo Ijumaa nimepita kwenye mnara. Mashine zilikuwa zinafua, boya limeshuka hadi katikati na linazidi kushuka. Nilisimama kidogo. Hakuna aliyeniita. Nikaenda kituo cha mabasi nikakata tiketi mbili, daktari ameruhusu mradi nisibebe kitu.

Tutafika Alhamisi. Mwambie binti yako aje kuyavuta masharubu ahakikishe.

Na Mama akikuuliza kabla ya chai, mwambie tangi halijajaa. Nakuja hivyo hivyo.

Kaka yako